Kobe Hali Mpaka Asikie Bangili

Kitangari,
11 Oktoba 1953

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku mlimani afya ipo, maji ndiyo hayapo. Natumaini wewe hujambo na mguu ule uliokusumbua wakati wa mavuno umepoa. Nisalimie Mama. Mwambie shati alilonishonea limenipendeza, ila mikono yake ni ya mtu mrefu kuliko mimi. Msalimie pia mwanao, Mjomba Cecil.

Shule yetu sasa ina watoto themanini na wawili na ubao mmoja. Mikorosho imeanza kuzaa, basi kila asubuhi nafundisha hesabu mbele ya midomo iliyobabuka kwa utomvu wa korosho.

Bibi, nina ombi. Dereva Danieli atakuletea kikapu kilichofungwa kwa kamba ya katani. Usikifungue kwa haraka. Ndani yumo kobe wa maji. Si yule wa porini anayetambaa mashambani, huyu makao yake ni majini, na akikaa pakavu hudhoofika. Ukubwa wake ni kama sahani ya bati. Jina lake Karani, kwa sababu akimwona mtu anakuja na shida huingiza kichwa ndani. Nilimpata kwa mtu mmoja.

Nilimweka katika karai nyuma ya nyumba nikampenda, lakini hapa haiwezekani tena. Wanawake wa Kitangari huondoka jogoo la kwanza kuteremka bondeni, na hurudi jua limekwisha panda, debe kichwani. Juzi mama mmoja alisimama mbele ya karai langu akasema kwa sauti ya kufika kanisani, "Mwalimu, shingo yangu imeota sugu ili mnyama wako aoge?" Watu wanasema serikali italeta mabomba, lakini bomba la maneno halijazi debe. Wewe una kisima hatua ishirini toka mlangoni. Nitunzie.

Jambo la pili. Mjomba ameniandikia kwamba atapeleka posa yangu kwa akina Ethel Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Tafadhali mwambie asiharakishe. Sababu sina ya kuandika kwa sasa.

Ni mimi mjukuu wako,
Basil

*

Masasi,
Sikukuu ya Watakatifu Wote, 1 Novemba 1953

Mume wangu Basil,

Marahaba. Huku maji yapo, meno ndiyo hayapo. Mguu haukupoa, umehamia upande wa pili. Mama yako mzima. Anasema shati halina kosa, ni mikono yako iliyogoma kukua. Mjomba wako ameezeka upya jiko langu, na tangu siku hiyo hakuna mgeni anayepita hapa bila kuonyeshwa paa.

Kikapu kilifika Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili, wakati wanawake wa Umoja wa Mama wamekaa barazani kwangu wakipanga mambo ya sikukuu. Ulisema katika barua nisikifungue kwa haraka. Barua hiyo Danieli aliisahau garini mpaka kesho yake, kwa hiyo nilikifungua kwa haraka. Nilidhani umeniletea korosho. Mama Julia aliruka juu ya benchi, naye unamjua, si mwanamke mwepesi. Yeye hakuumia. Benchi limevunjika mguu.

Sasa nisikilize. Karani wako hali. Leo ni siku ya kumi. Nimempa ugali, akaupa mgongo. Nimempa dagaa, akazama. Nimempa bibo bivu, akalitazama kama mtu aliyeapa kuacha uraka, pombe ya mabibo. Nimeng'oa mchicha nikautupa mzima na mizizi yake, ukaelea mpaka ukaoza, na maji yakanuka nikayamwaga njiani. Nimeshazika watu wengi katika maisha yangu, sitaki kuongeza kobe wa mtu. Andika upesi, hula nini?

Mjomba nimemwambia asiharakishe. Akauliza, "Sababu?" Nikasema mjukuu wangu ameandika kwamba hana sababu ya kuandika. Akasema, "Basi hana sababu." Unajua kwetu mjomba akishanena, baba huitikia kwa kichwa tu. Na Ethel ni binti mzuri, anaimba sauti ya pili bila kutazama kitabu. Sisemi zaidi.

Mkeo mzee,
Isabela

*

Kitangari,
22 Novemba 1953

Bibi mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa benchi. Barua yako ilinikuta natapika kwa homa, sasa nimepona. Mvua ya kwanza imenyesha na watoto wote walitoka darasani bila ruhusa kwenda kukinga maji kwa makuti na sufuria. Sikuwakataza. Nami nilitoka.

Chakula cha Karani ni hiki. Majani ya maboga, lakini machanga, yale ya ncha. Uyamenye nyuzi zake, utoe mshipa wa kati, halafu uyachane membamba. Matembele apewe yaliyonyauka kidogo kivulini, mabichi kabisa hayataki. Ua la boga hulipenda kuliko jani. Boga lenyewe lichemshwe nusu, likatwe vipande vya kuingia mdomoni bila kuhangaika. Majani ya kunde mara moja kwa juma. Mchicha kidogo tu, ukizidi si mzuri kwake. Dagaa mmoja mmoja, juu ya majani, si chini yake.

Na maji machafu ya karai usiyamwage njiani, Bibi. Mwagia maboga. Maboga yatamlisha Karani na Karani atayalisha maboga.

Kuhusu Ethel, sikatai kwamba anaimba vizuri.

Mjukuu wako,
Basil

*

Masasi,
10 Januari 1954

Mume wangu,

Marahaba. Heri ya Mwaka Mpya, na Krismasi iliyopita ukiwa huko mlimani. Tulikuwekea paja la kuku, Mjomba wako akalila kwa niaba yako. Najua umengoja barua. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa napeleleza.

Nilisoma orodha yako ya majani, nikaisoma tena, nikamwita mama yako aje asome. Basil, wewe umekaa nyumbani kwangu miaka saba. Katika miaka hiyo hukujua chungu kinakaa wapi. Siku moja nilikutuma matembele ukaniletea majani ya magugu, na ukanibishia. Leo unanifundisha kumenya nyuzi za majani ya maboga! Kunyausha matembele kivulini! Na mimi kufundishwa pa kumwaga maji, nikiwa na umri huu! Nikasema moyoni, mkono ulioandika ni wa Basil, lakini mkono uliomenya ni wa nani?

Hata hivyo nilifanya kama ulivyoandika. Karani hakula. Aliyasogelea, akayanusa, akarudi chini. Nikaanza kuwaza nitakuandikia nini.

Ndipo akaja jirani yangu Bimdogo, yule msuka mikeka, kumtazama mgonjwa. Unajua mikono ya Bimdogo haikauki bangili. Akainamia karai, bangili zikagonga ukingo, ti-ti-ti. Wallahi, kama asemavyo mwenyewe Bimdogo, Karani alipanda juu shingo nzima! Akatazama huku na huku kama mtu aliyeitwa jina. Bimdogo akadondosha ua la boga, likaliwa kabla halijalowa. Tukapiga vigelegele wanawake wawili wazima kwa ajili ya kobe.

Lakini siwezi kumwita Bimdogo asubuhi na jioni. Nikafungua sanduku, nikatoa bangili yangu ya shaba. Ni ile niliyoivua siku tuliyomzika babu yako. Usiniulize habari zake. Sasa nagonga, anakuja, anakula. Amemaliza dagaa wa wiki nzima kwa siku tatu.

Nami nina swali moja tu. Mume wangu, tangu lini wewe unavaa bangili?

Mkeo, asiyedanganyika,
Isabela

*

Kitangari,
7 Februari 1954

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea nyuma ya darasa ili watoto wasione uso wangu.

Jina lake Dominika. Ni Mmakonde wa hapa hapa Kitangari, na ni Mkatoliki, si Mwanglikana kama sisi. Nimeyaandika yote mawili katika mstari mmoja ili uyameze pamoja.

Yeye ndiye aliyemkuta Karani bondeni mwaka juzi, katika dimbwi lililokuwa linakauka. Akampandisha mlima mzima ndani ya debe la maji, kichwani. Mama yake aliyamwaga yale maji yote, na kwa mtu wa hapa kumwaga debe ni msiba. Hawakumruhusu kumweka nyumbani, ndipo akaniletea mimi. Alikuwa akija mchana, nikiwa darasani, pamoja na mdogo wake, na kumletea Karani kata moja ya maji. Kata hiyo ilikuwa ya kwake, Bibi. Kila mtu pale kwao ana fungu lake la kunywa, yeye alikuwa anagawa lake. Mimi sikujua mpaka siku aliponisimamia mama yule wa sugu ya shingo. Ndiye mama yake.

Kugonga bangili mimi sikujua habari zake. Nimemwuliza, amecheka mpaka akaketi. Anasema alikuwa anagonga ukingo ili Karani ajue maji mapya yanamwagwa, asishtuke.

Nampenda, Bibi. Nimejaribu kuliandika neno hilo kwa namna ya mzunguko nimeshindwa. Mjomba akipeleka posa kwa akina Ethel, sitaweza kuirudisha bila kuwaaibisha wote, na Ethel hajanikosea kitu. Pasaka ni tarehe kumi na nane Aprili. Ni wewe pekee unayeweza kumwambia Mjomba neno akalisikia. Nakuomba, niambie hata kama ni hapana.

Basil wako

*

Masasi,
Jumapili ya Kwanza ya Kwaresima, 7 Machi 1954

Mume wangu,

Marahaba. Wote hatujambo. Mvua ni nyingi na kuku wamekataa kutaga. Mjomba wako ameshona koti la kwendea posa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sasa tuzungumze habari za kobe.

Kwaresima imeingia Jumatano. Unajua sheria ya nyumba hii tangu enzi za marehemu babu yako aliyekuwa msomaji kanisani. Kwa siku arobaini hakuna anayekaa chini ya paa hili akala kitu chenye macho. Wako wasemao samaki si nyama. Mimi nasema dagaa alinitazama, basi ni nyama. Tuliwahi kuwa na paka aliyevunja sheria hii, akahamia kwa Bimdogo. Karani anakaa kwangu, basi naye anafunga. Dagaa nimekata.

Siku ya kwanza alinuna. Siku ya pili alipanda juu, akatazama ua la boga, akanitazama mimi, akala. Sasa hula majani matupu, ua, na boga lililochemshwa nusu kama alivyoagiza mwenye kuagiza. Leo nimemwongezea kisamvu kibichi, maana mihogo imestawi sana na majani ni mengi.

Salamu kwa wote wanaonisalimu.

Isabela

*

Kitangari,
19 Machi 1954

Bibi,

Shikamoo! Naandika kwa haraka, Danieli anangoja na injini inanguruma.

Kisamvu kibichi hapana! Nilimsomea Dominika barua yako, akaninyang'anya karatasi. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Hata mtu hukitwanga, akakichemsha mpaka kikaiva, ndipo akathubutu kukila. Kibichi kinalewesha mbuzi, sembuse kobe! Mwambie Bibi amtoe katika yale maji leo hii, amwekee mapya, na asimpe kitu ila boga."

Habari ya Kwaresima haikumtisha. Anasema naye anafunga, na siku alizohesabu kwao ni zile zile za kwetu. Anasema kobe mdogo hutaka wadudu na samaki ili akue, lakini Karani ni mtu mzima, majani yatamtosha siku arobaini na pengine yatamfaa.

Lakini kisamvu kimemkosesha usingizi. Anataka kushuka Masasi mwenyewe. Nimemkataza. Barabara imekatika mahali pawili na shangazi yake pekee ndiye anayeweza kumsindikiza. Tafadhali jibu upesi, Karani yu hai?

Na lile swali langu jingine, Bibi. Hujalijibu.

Basil

*

Kitangari,
11 Aprili 1954

Bibi,

Shikamoo. Sijapata jibu, na Pasaka ni Jumapili ijayo. Labda barua imekwama njiani pamoja na magari, labda hukupenda niliyoandika.

Dominika haniulizi tena habari za Karani. Jana nilipita kwao, mama yake akaniambia hayupo, ametoka na shangazi yake tangu Ijumaa. Nikauliza wamekwenda wapi. Akanijibu, "Wewe mwalimu, hujui?" Halafu akanipa kikombe cha maji. Ni mara ya kwanza. Nikayanywa yote na sikuelewa kitu.

Kama Karani amekufa, niambie mimi kwanza.

Basil

*

Masasi,
25 Aprili 1954

Mume wangu Basil,

Marahaba. Kristo amefufuka, na Karani hakufa, kwa hiyo kaa kitako usome polepole.

Mimi nimezaliwa katikati ya mihogo. Nimekula kisamvu kabla mama yako hajazaliwa. Unadhani mwanamke kama mimi hajui kisamvu kibichi ni sumu? Karani hakupewa hata jani moja. Niliandika tu. Ulikuwa umeniambia kwamba kuna binti anayegawa maji yake ya kunywa kwa ajili ya kobe. Maneno ya mwanamume anayependa mimi huyapunguza nusu. Nikasema, nitaandika kisamvu, nione nani atashuka mlima.

Alifika Jumatatu ya Juma Kuu, yeye na shangazi yake, matope mpaka magotini. Wamekuja gari kidogo na miguu mingi. Mkononi amebeba majani ya yungiyungi aliyoyachuma bondeni kwenu, yamefungwa ndani ya jani la mgomba yasinyauke. Akapiga magoti, "Shikamoo Bibi," akaniuliza hali, akamwuliza mama yako, akauliza mguu wangu. Adabu yote kwanza. Ndipo akauliza, "Na mgonjwa, Bibi?"

Nikamwonyesha karai. Akagonga ukingo. Karani alitoka kwa nguvu hata maji yakaniruka usoni. Binti akamgeuza, akamtazama tumbo, akambonyeza miguu, akanitazama mimi.

"Bibi, huyu hana ugonjwa. Amenenepa."

"Ni Kwaresima," nikasema.

Alifahamu pale pale. Niliona. Nilitegemea atakasirika, na alikuwa na haki. Akaketi chini akacheka, huku machozi yanamtoka, akasema, "Bibi umenitembeza!" Nami nikamwomba radhi. Usimwambie mtu, sijazoea.

Walikaa nasi mpaka Pasaka ipite, maana barabara ilizidi kuharibika. Sikukuandikia kwa sababu hiyo hiyo ya barabara, na kwa sababu nilitaka uonje kidogo kungoja. Alhamisi Kuu akaenda kusali kwa wenzake Wakatoliki na sisi tukaenda kwetu, jioni tukala mlenda mmoja.

Sasa habari za Mjomba wako. Alikuja kuwaonyesha wageni paa. Akasimama pale, koti lake jipya mkononi, akamkuta Dominika anafanya kazi. Mwenzetu amechota debe moja. Kwa maji hayo aliosha mboga. Maji yaliyoosha mboga akamwagia Karani. Maji ya zamani ya Karani akayabeba mpaka kwenye maboga, akamwagia shina kwa shina kwa kata, bila kulowesha njia. Kisima changu kiko hatua ishirini na maji yamejaa mpaka mdomoni, lakini hakuna tone lililokufa bure. Mimi nilikuwa nikiyamwaga njiani tangu siku nilipohamia hapa mpaka ilipokuja barua yako ya Novemba. Mjomba wako akatazama yale maboga, yamepanda mpaka juu ya jiko, yamefunika paa lake lote kwa maua. Akauliza, "Nani ameyafanya haya?" Nikamwambia, "Yeye. Toka Kitangari, kwa barua."

Kisha akasema, "Mama, huyu ni Mkatoliki." Nikamwambia habari hizo wazungumze mapadre, ndiyo kazi yao. Akasema, "Nami nimekwisha mwahidi baba yake Ethel." Nikamwita Ethel mwenyewe. Kumbe binti wa watu ameomba nafasi ya kusomea uuguzi, na alikuwa anatafuta namna ya kumwambia Mjomba bila kumvunja moyo. Alishukuru mpaka akaimba.

Mwisho Mjomba akaniuliza, "Mama, wewe unamtakia nini huyu binti?" Nikamwambia lile ambalo sijawahi kukuambia wewe. Babu yako naye alikuwa na mjomba aliyemchagulia mwingine. Bangili yangu ya shaba alinivisha kabla mjomba wake hajakubali, nami niliivaa miaka arobaini na moja. Tangu nilipoivua sikudhani nitaisikia tena ikigonga kitu. Karani amenirudishia sauti yake, na nimefurahi, Basil, nimefurahi sana.

Dominika ameondoka na bangili hiyo jana mkononi. Nilimvisha mwenyewe. Karani anabaki kwangu mpaka mabomba yenu yatakapofika, nami nitamwita kwa kijiko, atajifunza.

Leo ndiyo Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Posa haikufutwa, imebadili njia tu. Mjomba wako ataondoka kesho na gari la Danieli, koti amelivaa tangu asubuhi na hataki kulivua. Mkifika Jumanne kwa mama wa Dominika, mgeni atanyweshwa maji kwanza, na yule mama atatazama maji hayo yamebebwa na kichwa cha nani. Usithubutu kuomba debe la mwanamke. Barua hii ikikufikia, chukua debe lako, uteremke bondeni mwenyewe, uwapelekee maji kichwani.

Mkeo mkubwa,
Isabela